Maandalizi ya Usiku kwa Anayelala na Mashine ya Kupumulia

Mwaka 1980, mjini Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alimvisha mgonjwa kifaa kilichosukuma hewa kupitia puani. Mgonjwa huyo alikuwa akikatika pumzi usiku, kwani njia ya hewa kooni iliziba kila aliposhikwa na usingizi. Hewa ilipoingia kwa shinikizo, koo likabaki wazi, naye akalala fofofo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la The Lancet.

Leo mashine za aina hiyo hutumika duniani kote, lakini husaidia tu zinapovaliwa kila mtu anapolala, hata kwa usingizi wa mchana.

Maandalizi huanza kabla ya kupanda kitandani. Uso huoshwa bila kupakwa mafuta, kwa kuwa mafuta huifanya barakoa ya mashine iteleze na kuvujisha hewa. Kitangi cha mashine kinachoipa hewa unyevunyevu hutiwa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba huacha utando mweupe wa chumvichumvi. Mashine huwekwa chini kidogo ya usawa wa kichwa, ili maji yanayojikusanya kwenye mpira wa kupitishia hewa yasitiririkie puani. Mikanda ya barakoa hurekebishwa mtu akiwa ameshajilaza na mashine ikivuma.

Anayeanza huizoea mashine kwa kuivaa mchana, akitazama televisheni. Pombe huepukwa jioni, maana hulegeza misuli ya koo.

Asubuhi, maji yaliyobaki humwagwa na barakoa hupanguswa.

Msikilizaji, barakoa ikikuchubua au pua ikikauka, usiifungie mashine kabatini. Mwone daktari wako; barakoa hubadilishwa na unyevunyevu huongezwa.