Ndama Hulishwa Tumboni mwa Mamaye
(Hotuba kwa wafugaji wa ng'ombe wa nyama)

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni chakula cha ng'ombe mwenye mimba.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, na muda huo wote ndama hana malisho ila mwili wa mamaye. Nyama tuuzayo ni nyuzi nyembamba zilizofungamana. Nyuzi hizo hufanyizwa tumboni, hasa kati ya mwezi wa 2 na wa 8. Ndama akiisha zaliwa idadi yake haiongezeki, bali kila uzi hunenepa tu. Basi ndama aliyepunjwa tumboni, hata akipewa majani mazuri baadaye, hunenepesha nyuzi chache.

Desturi ya wengi ni hii: ng'ombe anayekamuliwa hupewa mashudu, na yule aliyekauka, kwa kuwa hatoi kitu, huachwa ajitafutie katika nyasi kavu za kiangazi. Kumbe huyo ndiye alishaye wawili, na katika miezi 2 ya mwisho mtoto huongezeka uzito kuliko miezi yote iliyotangulia.

Huko Nebraska, Marekani, katika nchi ya vilima vya mchanga, nyasi za wakati wa baridi hupungukiwa na protini kama hizi zetu za kiangazi. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2007, ng'ombe wa fungu moja walipewa chakula chenye protini nyingi, kadiri ya ratili 1 kwa siku, katika miezi ya mwisho ya mimba. Wa fungu la pili hawakupewa. Ndama walipozaliwa, uzito wao haukuonyesha tofauti ya maana, na hapo ndipo mfugaji hudanganyika. Mitamba wale walipopandishwa, katika kila 100 wa mama waliolishwa, 93 walishika mimba; kwa wale wengine, 80 tu.

Mtu atauliza, mashudu nitayapata wapi? Majani ya kunde na karanga, ambayo wengi huyachoma baada ya mavuno, yana protini nyingi kuliko nyasi kavu. Yaanikwe kivulini, yawekwe darini kwa ajili ya wenye mimba peke yao. Na ndama mkubwa aachishwe kunyonya miezi 3 kabla mamaye hajazaa tena. Wala sisemi ng'ombe anenepeshwe mno, maana mwenye mafuta kupita kiasi huzaa kwa taabu.