DOLA NA SERIKALI SI KITU KIMOJA

Hotuba iliyotolewa mbele ya watahiniwa wanaojiandaa kuingia chuo kikuu



Walimu wenu walitupatia majibu mliyoyaandika katika zoezi la majuzi la somo la Historia na Serikali. Swali la kwanza lilikuwa fupi: eleza tofauti kati ya dola na serikali. Wengi wenu mliandika kwamba hakuna tofauti, kwamba dola ni jina la heshima tu la serikali. Mmoja aliandika kwamba dola ni fedha za Wamarekani. Tulicheka, ingawa mtaona baadaye kwamba jibu lake halikuwa mbali sana na historia yetu.

Hatukuja kuwalaumu. Sisi wenyewe tulilelewa katika kosa hilohilo. Tulipokuwa shule ya msingi tulisimama mbele ya bendera tukikariri kiapo cha utiifu, kwa Kiingereza ambacho nusu yetu hatukukielewa, na katika kiapo hicho Rais alitajwa kwanza, taifa likafuata nyuma yake. Siku nyingine lori lilileta maziwa katika pakiti za pembe tatu, nasi tukayaita maziwa ya Nyayo. Yalikuwa matamu, na hatuwezi kukana kwamba yaliwafaa watoto wengi waliotoka nyumbani bila kitu tumboni. Lakini hakuna aliyetueleza kwamba yalinunuliwa kwa kodi: kodi ya baba aliyeuza kahawa, kodi ya mama aliyenunua sukari na sabuni dukani. Tulifunzwa kumshukuru Rais, tukamshukuru. Mtoto aliyezoeshwa hivyo, akikua, atajuaje kwamba mali ya umma ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe si yule anayeigawa?

Basi tuanze na maana. Mwaka 1933 nchi za bara la Amerika zilikutana mjini Montevideo, Uruguay, zikaandika mkataba ambao wanasheria wa dunia nzima huurejelea hadi leo wanapotaka kueleza dola ni nini. Mambo yanayohitajika ni manne: watu wanaoishi hapo daima, eneo linalojulikana, serikali, na uwezo wa kuhusiana na dola nyingine. Tazameni vyema. Serikali ni moja tu kati ya hayo manne. Anayesema serikali ndiyo dola ni kama anayesema paa ndilo nyumba.

Ninyi mlio waumini mnao mfano ulio karibu zaidi. Mchungaji huletwa parokiani, akahudumu, akahamishwa. Waumini hubaki, kiwanja hubaki, na hati ya kiwanja husomeka kwa jina la wadhamini, si kwa jina la mchungaji. Mchungaji akianza kuuza mabati ya kanisa, mzee wa kanisa anayesimama kumuuliza hawi adui wa kanisa. Yeye ndiye anayelilinda.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tangu siku hiyo uongozi wa serikali umepita mikono kadha, mwaka 1978, 2002, 2013 na 2022, lakini dola ni ileile. Kwa hiyo deni la dola halifi na serikali iliyokopa. Mwaka 2014 Hazina ililipa takriban shilingi bilioni 1.4 kwa sababu ya mikataba ya Anglo Leasing, iliyotiwa saini na serikali zilizotangulia, baada ya mahakama za ng'ambo kuamua kwamba mdaiwa ni Kenya. Waliotia saini walikuwa wamekwisha kuondoka ofisini. Mliolipa ni ninyi na wazazi wenu. Mkitaka kumweleza bibi yenu kijijini tofauti kati ya dola na serikali, anzeni hapo. Ataelewa upesi kuliko profesa.

Ingizeni mkono mfukoni pia. Kwa miaka mingi noti zetu zilikuwa na sura ya Rais. Katiba ya 2010, katika ibara ya 231, ilikataza sarafu na noti kubeba picha ya mtu yeyote, na noti mpya zikatolewa mwaka 2019. Wapo waliokwenda mahakamani wakisema kwamba sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta iliyoonekana mbele ya jumba la mikutano la KICC ni picha ya mtu, nao wakashindwa. Hatutaingia katika ubishi huo. Muhimu kwenu ni kwamba waandishi wa Katiba waliona hata noti inaweza kumfundisha mwananchi kosa.

Sasa, kosa hili halikuja kwa bahati mbaya. Chama cha KADU kilijivunja mwaka 1964, KPU kikapigwa marufuku mwaka 1969, na mnamo Juni 1982 Bunge likaingiza katika Katiba kifungu cha 2A kilichosema kwamba chama kitakuwa kimoja tu, KANU. Tangu hapo chama kiliimeza serikali, na serikali ikaimeza dola. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa kinga ya kazi yao, na mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa yao, hata ikarudishwa mwaka 1990. Mnasoma katika vitabu vyenu kwamba mihimili ni mitatu, Bunge, Mahakama na Serikali Kuu, na kwamba kila mmoja humzuia mwenzake asizidi. Jaji anayeweza kufutwa leo kwa hukumu aliyoitoa jana atamzuia nani? Mwaka huohuo wa 1988 tulipata kura ya mlolongo. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 katika mstari alihesabiwa amepita bila kupingwa, na kura ya siri haikumhusu tena. Wazee waliomo humu watawasimulia jinsi mstari mfupi ulivyotangazwa kuwa mrefu.

Kesi moja inatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyochanganyika. Mwaka 1989 kampuni ya magazeti iliyofungamana na chama tawala ilikusudia kusimamisha jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia. Mahakama haikuamua kama bustani ni ya chama au ni ya umma. Ilisema kwamba yeye hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye binafsi. Yaani mwananchi hakuwa na sauti juu ya mali ya dola ambayo yeye mwenyewe ni sehemu yake! Jengo halikujengwa, na bustani ingalipo. Leo, chini ya ibara ya 22 na ya 258 za Katiba ya 2010, mtu yeyote anaweza kushtaki kwa manufaa ya umma. Sisi tunaofanya kazi mahakamani twajua thamani ya sentensi hiyo, kwa maana tumesoma mafaili ya waliofukuzwa mlangoni kabla yake.

Kwa nini tunasisitiza jambo linaloonekana kuwa la mtihani tu? Kwa sababu watu wamefungwa kwalo. Aliyeilaumu serikali aliambiwa ameishambulia dola, na kuishambulia dola ni uhaini, au walau uchochezi. Vifungu vya uchochezi vilifutwa mwaka 1997, katika mapatano ya vyama vya bungeni kabla ya uchaguzi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilitangua kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomtia hatiani mtu kwa kudunisha mamlaka ya mtumishi wa umma. Mtu angedhani safari imekwisha. Lakini tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha na Bunge likavamiwa, watu wakapigwa risasi wakafa, na usiku ule Rais akalihutubia taifa akitumia lugha ya uhaini. Kesho yake alisema hatautia saini mswada. Na mwaka 2025 baadhi ya waliokamatwa baada ya maandamano walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi.

Tuwe waangalifu hapa, maana tunazungumza mbele ya vijana na wazazi wao. Aliyetia moto jengo la Bunge ameikosea dola, na sheria ipo ya kumshughulikia. Aliyebeba bango na chupa ya maji alikuwa akizungumza na serikali, na ibara ya 37 inampa ruhusa hiyo maadamu yu mtulivu na hana silaha. Hakimu, polisi na mwandishi wa habari wasiojua tofauti kati ya wawili hawa watawatia katika gari moja. Baadhi yenu mna ndugu waliopandishwa gari hilo.

Tugeukie uhusiano wa kimataifa. Neno la kwanza hapa ni mamlaka makuu, yaani uwezo wa dola kujitawala bila kuamriwa na nyingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, katika ibara ya 2 kifungu cha 7, unaukataza Umoja huo kuingilia mambo ambayo kimsingi ni ya ndani ya dola. Ni kinga njema, hasa kwetu tuliotoka katika ukoloni. Lakini someni neno lenyewe: mambo ya ndani ya dola. Nayo ibara ya 1 ya Katiba yetu inasema mamlaka makuu yote ni ya wananchi wa Kenya. Basi serikali inayowapiga wananchi kisha ikawaambia wageni wasiingilie, inajifunika blanketi ambalo mwenyewe ndiye anayepigwa.

Hapa ndipo turudi kwa kijana wetu wa dola za Marekani. Novemba 1991 wafadhili wa Kenya walikutana Paris wakasimamisha misaada mipya kwa miezi sita, wakitaka marekebisho ya uchumi na ya siasa. Desemba, kifungu cha 2A kikafutwa. Wapo wanaoandika kwamba vyama vingi vililetwa na wageni. Jibu hilo msiliandike, kwa kuwa halifuati tarehe. Mkutano wa Saba Saba ulivunjwa kwa marungu tarehe 7 Julai 1990, na FORD iliundwa mwaka 1991 kabla ya Paris. Mimbari zilikuwa zimekwisha kusema, na wengine walikuwa wamekwisha kuonja kizuizi. Wafadhili walikuja nyuma ya watu, wala hawakuwatangulia.

Tena wafadhili haohao waliilipa serikali ya chama kimoja miaka yote ya Vita Baridi bila kuona kasoro. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989, ndipo macho yalipofunguka. Mwaka 1993 walianza tena kuahidi fedha, ilhali waliofukuzwa makwao katika mapigano ya Bonde la Ufa walikuwa bado wakilala katika viwanja vya makanisa. Katika somo lenu jambo hili huitwa maslahi ya taifa. Dola nyingine inaweza kuwa upande wako leo kwa sababu zake yenyewe. Ipokeeni, lakini msiikabidhi ufunguo.

Afrika nayo ilibadilika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulioanzishwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963, ulishika sana kanuni ya kutoingiliana, hata Rwanda ikateketea mwaka 1994 huku majirani wakitazama. Hati ya kuanzisha Umoja wa Afrika, ya mwaka 2000, katika ibara ya 4, inaupa Umoja haki ya kuingilia panapotendeka mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Sisi wenyewe tulisaidiwa na mlango ulioachwa wazi, ingawa kwa usuluhishi, si kwa majeshi. Kofi Annan, Graça Machel na Benjamin Mkapa walikuja kwa niaba ya Afrika baada ya uchaguzi wa 2007, na tarehe 28 Februari 2008 mapatano yakatiwa saini. Hatukumsikia mama aliyechomewa nyumba akilalamika kwamba mamlaka makuu yamevunjwa.

Mwisho, mikataba. Mmoja wenu aliuliza kwa maandishi kama serikali mpya inaweza kusema mkataba fulani haiujui kwa kuwa uliwekwa na serikali ya zamani. Haiwezi kusema hivyo, kwa sababu ileile ya deni la Anglo Leasing: aliyefunga mkataba ni dola. Ikitaka kujitoa, ifuate njia ya kisheria, nayo hadharani. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1972. Kwa hiyo miaka yote ile ya vizuizi ahadi ilikuwapo, ingawa ilikuwa vigumu kuitumia mahakamani. Tangu 2010, ibara ya 2 ya Katiba inasema mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya.

Andikeni pia tarehe hizi tatu, kwa sababu watahini wanaweza kuziuliza na kwa sababu sisi hatujaacha kuzistaajabia. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu ulipitishwa na wakuu wa Afrika Juni 1981, na mahali walipokutana ni Nairobi, wageni wa serikali yetu. Juni 1982 Bunge letu likapitisha kifungu cha 2A. Kenya ilijiunga na mkataba uliozaliwa nyumbani kwake Januari 1992, wiki chache baada ya kifungu hicho kufutwa.