Adui Ajulikane Kabla ya Kupigwa

Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 iliwataja maadui zake watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kila mpiganaji anajua kwamba kabla ya kushambulia hutangulizwa upelelezi. Lakini katika vita vya kuondoa ujinga, mataifa mengi yamekuwa yakipiga risasi gizani. Hununua vitabu na kujenga madarasa, kisha hushangaa kuona watoto wamebaki majumbani, mashambani na machungani.

Katika nchi jirani ya Kenya upelelezi huo ulifanywa na mchumi wa Kimarekani, Michael Kremer. Aliifahimu nchi hiyo kwanza kama mwalimu wa sekondari katika miaka ya 1980. Aliporejea katika miaka ya 1990, yeye na wenzake walizifuatilia shule za msingi za Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Walianza na vitabu. Kati ya shule 100, shule 25 zilipewa vitabu vya kiada kwanza, nazo zikalinganishwa na zilizosubiri. Matokeo yalikuwa machungu: ni wanafunzi waliokuwa hodari tangu awali tu waliofaidika. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambayo kwa wengi wao ilikuwa lugha ya tatu.

Mwaka 1998 Kremer na mwenzake Edward Miguel wakaigeukia afya. Katika eneo hilo, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 walikuwa na minyoo au kichocho. Shule 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu yaliyopewa dawa kwa zamu. Gharama yake ilikuwa chini ya dola moja ya Marekani kwa mtoto kwa mwaka. Utoro ukapungua kwa robo. Hata wanafunzi wasiomeza dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizo yalipungua miongoni mwa wenzao.

Ushindi huo haukuwa kamili. Alama za mitihani hazikupanda, na mwaka 2015 wataalamu wengine walioipitia upya hesabu hiyo walizusha ubishi juu ya ukubwa wa manufaa. Hata hivyo, Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009. Mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Na taarifa iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba waliotibiwa miaka mingi zaidi utotoni walipata, walipokuwa watu wazima, ujira wa saa uliozidi wa wenzao kwa asilimia 13.

Somo hili linawahusu walinzi wa taifa. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na askari huitwa inapovunjwa. Sheria ni lazima iheshimiwe. Lakini mtoto aliyelegezwa na safura hatibiwi kwa kusakwa, na mzazi wake haelimishwi kwa faini peke yake. Kabla mtoto hajaitwa mtoro, na iulizwe kwanza ni nini kinachomzuia. Adui asiyejulikana hapigwi. Anayepigwa badala yake ni mtoto.