Saa Moja ya Utulivu: Umakini wa Mwanafunzi Katika Vilima vya Bugendana

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kila mzazi hapa amewahi kulisema kwa ukali: "Huyu mtoto hatulii!" Walimu nao wana la kwao: "Macho yako ubaoni, akili haipo." Wanafunzi hamjapewa nafasi ya kujibu, basi leo nitajaribu kuwajibia. Nitakalolisema ni hili: utulivu wa akili ni kitu ambacho mtu huandaliwa na wenzake kabla hajaanza kujitahidi mwenyewe. Tukimdai mtoto umakini bila kumwandalia, tunamdai deni asilokopa.

Tuanze na maana. Mwaka 1890 William James wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia, alieleza kwamba kuwa makini ni akili kushika jambo moja kati ya mengi yanayoigombania, na kukubali kuyaachilia mengine. Wahenga wetu waliliona hilo zamani, wakasema mshika mbili moja humponyoka. Wazee wa hapa Gitega, nchini Burundi, walikwenda mbali zaidi: walikuwa na chombo cha kulifundisha.

Chombo hicho ni inanga. Ni gogo lililochongwa mfano wa sinia refu, na juu yake uzi mmoja umepitishwa huku na huku kwenye vipenyo vya kingo zake hadi ukawa nyuzi, kwa kawaida 8. Mpigaji huketi chini, akaiweka mbele yake, akaanza kukwaruza nyuzi kwa vidole. Kisha huimba, lakini haimbi kwa sauti: ananong'ona. Mnong'ono wake na mlio wa nyuzi hushikana hadi msikilizaji akadhani uzi wenyewe ndio unaotamka neno. Ukikohoa, neno limepotea. Ukimgeukia jirani, kisa kimekuacha njiani. Ndiyo maana inanga haipigwi penye makelele. Watu hunyamaza kwanza, mlango hurudishwa, watoto hukalishwa, ndipo kidole cha kwanza kinaugusa uzi. Angalieni mpangilio huo: utulivu wa nyumba unatangulia, usikivu wa mtu unafuata.

Sasa tuingie katika nyumba ya mwanafunzi wa leo, tuone ni vitu gani vinavyomnyang'anya utulivu huo.

Cha kwanza ni njaa. Mwaka wetu wa shule huanza Septemba, na Septemba hiyohiyo tunaanza msimu wa kilimo tunaouita msimu wa A, ambao mavuno yake huja karibu na Januari. Maana yake ni kwamba muhula wa kwanza, mtoto anapoanza masomo mapya, ndio wakati maharage yapo shambani na ghala limepungua. Anatembea vilima viwili hadi shuleni tumbo tupu, na darasani anawaza kama nyumbani kutapikwa.

Msidhani huo ni udhaifu wa moyo. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao. Waliwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India, mara mbili: kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekauka, na baada ya mavuno, mfuko ukiwa umetulia. Mkulima yuleyule alifanya vizuri zaidi mafumbo ya akili baada ya mavuno. Akili yake ilikuwa ileile. Mzigo wa kuwaza ndio uliopungua. Ikiwa mtu mzima mwenye shamba lake anaelemewa hivyo, mtoto wa miaka 12 afanyeje? Sahani ya wali na maharage shuleni, kwa hiyo, ni kifaa cha kufundishia sawasawa na chaki.

Cha pili, huzuni, nitakitaja kwa sauti ya chini. Tarehe 20 Julai 1996, hapahapa tarafani Bugendana, watu zaidi ya 300 waliuawa katika kambi ya waliokuwa wamehama makwao. Wengine tulioketi hapa tuna jina moyoni. Huzuni kama hiyo haiishii kwa aliyeiona. Hukaa nyumbani, ikawa ukimya wa baba au hasira ya mama isiyo na sababu, na mtoto huisoma kabla hajaijua herufi. Mwalimu anayemwona mwanafunzi ameduwaa dirishani, amwite pembeni amuulize habari za nyumbani kabla ya kumwadhibu. Mara nyingi swali hilo moja humrudisha mtoto darasani.

Cha tatu ni simu, na hapa mawaidha mengi yanayotoka nchi zenye nguvu hayatufai yalivyo. Wanatuambia: "Zima simu, usome." Kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na Burundi nzima ni takribani mtu 1 kati ya 10 aliyefikiwa na umeme. Nyumba nyingi hazina koroboi siku hizi. Mtoto anasomea tochi ya simu ya baba yake, ameiegemeza kwenye kikombe ili mwanga uangukie daftari. Kwake, kuzima simu ni kuzima taa. Taa hiyohiyo kila baada ya dakika chache inalia: ujumbe wa kundi la WhatsApp, video kutoka Bujumbura, salamu ya shangazi. Mtoto anainua macho. Hesabu aliyokuwa ameifikisha hatua ya tatu, anaianza upya.

Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiacha kazi moja na kurukia nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile ya kwanza. Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake walipima watu karibu 800, wakaona waliobakiza simu mezani, hata ikiwa kimya, walifanya vibaya kuliko walioiacha chumba kingine. Si kila utafiti uliofuata ulipata matokeo yaleyale, lakini kila mzazi aliyemtazama mwanawe jioni anaijua sehemu kubwa ya ukweli huo.

Dawa yetu ni rahisi. Kabla ya kumpa mtoto simu amulikie, iwekeni katika hali ya ndegeni. Tochi itaendelea kuwaka na ujumbe hautaingia. Kisha igeuzeni kioo kitazame ukuta.

Kwenu wanafunzi, nina mambo matatu. Kwanza, pimeni muda. Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi Italia miaka ya 1980, alitega saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akasoma dakika 25 bila kugusa kingine, akapumzika kidogo, akaendelea. Anzeni hata na dakika 15. Haba na haba hujaza kibaba. Pili, wekeni karatasi pembeni. Wazo likija, "sijateka maji", "nina deni la kalamu", liandikeni hapo mrudi kitabuni; limehifadhiwa, halina haja ya kuwagongea tena. Tatu, fungeni kitabu mkajiulize mlichosoma. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojipima kwa kukumbuka walibaki na mengi zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma. Na akili inayotafuta jibu haipati nafasi ya kuzurura.

Kwenu walimu, najua madarasa yalivyojaa tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005. Hata hivyo, anzeni kila somo kwa dakika mbili za kimya, kama mpiga inanga anavyosubiri nyumba itulie. Mtazipata tena zimezaa.

Kwa uongozi wa tarafa nina ombi moja: kila kilima kipate chumba kimoja chenye taa ya sola, kifunguliwe jioni chini ya uangalizi wa mtu mzima. Darasa lipo tayari, kanisa lipo, msikiti upo. Inakosekana taa na mtu wa kushika ufunguo.

Kwenu wazazi, namalizia na kazi ya leo jioni. Maji yatekwe mapema, na kaka ayateke pia, si dada peke yake. Redio ipunguzwe. Mgeni aelezwe kwa heshima kwamba mtoto anasoma. Kwa saa moja, asiitwe na mtu. Saa hiyo haihitaji fedha wala mradi, na hakuna atakayekuja kutoka Bujumbura kumpa mwanao. Mpeni ninyi, kuanzia leo.