Tumchangie Atakayejibu "Shida"



Vijana wetu wa mjini walituletea wazo la programu ya simu ya kuwakumbusha wazee nyumbani kumeza dawa za presha na sukari. Sisi wa kamati ya fedha, kabla ya kutenga hata shilingi moja, tuliuliza: imewahi kufaulu wapi?

Jambo linalokaribiana nalo lilifaulu hapa hapa Kenya. Mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwasajili wagonjwa 538 wa Ukimwi walioanza dawa katika kliniki tatu za Nairobi na Kajiado. Karibu nusu yao walitumiwa ujumbe mmoja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Ujumbe haukutaja ugonjwa, kwa hiyo hata jirani angeusoma, siri ilibaki siri. Matokeo yalichapishwa 2010: kati ya waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walimeza dawa ipasavyo, kati ya wenzao, asilimia 50.

Utafiti mwingine wa Chulaimbo, karibu na Kisumu, ulionyesha kuwa ujumbe wa kila wiki ulisaidia. Wa kila siku haukusaidia.

Sisi watu wa hesabu tumejifunza kwamba kilicholipa ni swali fupi na mtu wa kulisikiliza jibu. Wengi wetu hupiga simu nyumbani kila Jumapili, tukauliza habari za mvua na ng'ombe, mama akajibu, "Niko sawa." Tunapofika Desemba tunakuta vidonge vya miezi mitatu kabatini. Hakuvisahau. Vilimpa kizunguzungu, akaona aibu kutusumbua. Mwingine alikosa nauli ya kwenda zahanati. Kengele ya simu haitibu hayo.

Kwa hiyo bajeti iliyo mbele yenu ina mambo matatu: simu moja ya zahanati na salio la mwaka, posho ya mhudumu wa afya atakayepiga simu, na akiba ya nauli kwa atakayejibu "shida". Wazee watatumia kabambe walizo nazo.

Kila shilingi itakuwa na risiti, na mwaka ujao tutawasomea hesabu papa hapa.

Karibuni mezani.