Aliyedaiwa Ndiye Aliyefuta Deni



Kampeni haipiti hapa kwetu Kisauni, Pwani ya Kenya, bila neno familia. Mheshimiwa husimama jukwaani, mkewe kando yake, akahubiri ndoa, malezi na heshima ya nyumba. Watu wakirudi mtaani huzungumza mengine: mwanamke aliyepangishiwa chumba mtaa wa pili, na mtoto aliyefanana na Mheshimiwa kama chapa. Ya chumbani sikuja kuyachungulia. Nauliza tu: mhubiri huyu akishika kalamu ya kutunga sheria, huandika nini?

Tangu 1959 Kenya ilikuwa na sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumshtaki mwanamume aliyemzalisha, alipe matunzo ya mtoto. Mwaka 1969 Bunge likaifuta. Bungeni hamkuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo. Hoja za wabunge waliofuta sheria ile zilivaa kanzu ya maadili: sheria inawaharibu wasichana, inawafunza kuzaa ili wapate pesa, si mila yetu. Lakini matunzo hudaiwa mwenye mshahara, na siku zile wenye mshahara wa kuonekana walikuwa nani? Walimkemea msichana, kisha wakamfungulia mlango mwanamume aende zake. Nimesoma habari hii mara nyingi, na hainiingii rohoni hata leo.

Machi 2014 habari ileile ikarudi kwa sura nyingine. Katika mswada wa ndoa, wabunge wanaume wakaondoa sharti la mke kushauriwa kabla mumewe hajaongeza mwingine. Wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Mwezi uliofuata mswada ukatiwa saini. Nisieleweke vibaya: ukewenza si zinaa. Sisi wa Pwani twajua una masharti yake, na mwenye kuyatimiza hana la kuficha. Waliloliondoa wabunge ni kule kuulizana. Tanzania, kwa sheria yake ya ndoa ya 1971, mke anaweza kupeleka pingamizi kabla ya ndoa mpya kufungwa.

Na deni lile la 1969? Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndiyo iliyotamka wazi kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Wakati huo mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1969 alikuwa na miaka 41, pengine ana wanawe.

Leo mama wa Kiembeni, hapa Kisauni, aweza kupanda matatu mpaka Mahakama ya Watoto, Tononoka, akadai haki ya mwanawe. Nauli ni yake. Siku ile hakaangi viazi, hauzi. Mtoto yuko mgongoni, na cheti cha kuzaliwa amekikunja ndani ya pochi.