Nyamaza, Shika Simu

Kuna wanaosema narudia jambo moja kila wiki. Nitarudia. Juzi saluni mtoto wa miaka mitatu hivi kamuuliza mama yake mbona nywele zikikatwa haziumi. Swali zuri hilo! Jibu alilopata: "Nyamaza, shika simu." Saluni nzima tulijua jibu, hakuna aliyelisema.

Walimu wa madarasa ya awali wananieleza wanapokea watoto wasiojua hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto anajikojolea kimya. Katuni anajua kuzifungua mwenyewe, tangazo anajua kuliruka, ila mwenzake akichukua penseli yake, anang'ata. Halafu mwisho wa muhula baba anafika shuleni kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi.

Na msiniambie kwenye katuni anajifunza Kiingereza. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Seattle, Marekani. Watoto wa miezi tisa, ambao nyumbani husikia Kiingereza tu, waliletewa watu wa kuwasemesha Kichina, kuwasomea vitabu na kucheza nao. Vipindi 12 tu, wakawa wanatambua sauti za Kichina ambazo Kiingereza hakina. Watoto wengine wakaonyeshwa watu wale wale kwenye televisheni. Hawakuambulia kitu, wakabaki sawa na wasiowahi kusikia Kichina. Umeelewa, mama? Televisheni haimtazami mtoto machoni. Akinyoosha kidole, haigeuki kuona anaonyesha nini. Akitamka neno kombo, haimrudishii likiwa limenyooka. Hayo yote hufanywa na mtu, na mtu huyo ni wewe unayemwambia anyamaze!

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019 kwamba wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku, na wadogo zaidi wasikalishwe mbele ya skrini kabisa. Hilo halihitaji maelezo.

Na mageti nayo! Mtoto anafungiwa ndani eti wa jirani watamharibu. Kwenye kombolela mtoto anahesabu, anasubiri zamu, anabishana kama kaonekana au hakuonekana, na akishindwa anakubali, maana akisusa mchezo unaendelea bila yeye. Tyusheni gani itamfundisha hayo? Wewe unayeogopa watoto wa jirani, mwanao anamtukana dada wa kazi. Kajifunza kwa jirani yupi? Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika utafiti wa mwaka 1961, aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa. Walipoachwa naye, wakampiga vile vile, na maneno makali ya mtu yule wakayarudia. Dada wa kazi nani anamfokea kila asubuhi chai ikichelewa?

Samahani, nimepandisha sauti.

Baba mmoja wa Mbagala alinipigia akasema anarudi kachoka, ataongea na mtoto saa ngapi? Nikamuuliza, mpira unautazama saa ngapi? Akasema saa tatu usiku, na mtoto yupo hapo hapo kwenye kochi. Mtoto kuwa macho saa hizo ni ugomvi wa siku nyingine. Refa akipuliza filimbi, muulize mtoto kwa nini kapuliza. Akikosea, mbishane mpaka mapumziko.